Sura ya Kumi na Moja: Inavunjika, Sijui Wapi

"Inavunjika wapi?" Mzee Faki aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Raya akajibu vilevile.

"Sijui wapi. Najua inavunjika."

Watu waliojaa barazani wakaguna. Kidawa, mama yake Raya, alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mtungi wa maji, mikono ameikunja kifuani, akiwaza kwamba mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kujibu swali kwa namna ya kumrahisishia mtu kazi. Ukimuuliza kama ameshiba, atakwambia hajui kushiba kunaanzia wapi. Ukimuuliza nani kavunja kikombe, atakwambia kikombe kilikuwa na ufa. Sasa yuko mbele ya Mzee wa Ukuta, anaulizwa swali ambalo jibu lake ni maisha yake, naye anajibu mambo ya vikombe.

Mji ule haukuwa na jina. Ulikuwa na Namba. Namba ilichongwa kwenye ukuta wa mawe uliouzunguka mji mzima, tarakimu moja mbele ya kila nyumba, ndefu kama mtu mzima, na nyumba zilikuwa elfu tisa na ushei. Kila kaya ilitunza tarakimu yake na kuipaka chokaa kila wiki, na aliyeacha kupaka alisemwa mpaka akahama chumba. Kabla ya Raya, hakuna aliye hai aliyewahi kuisoma Namba yote. Watoto walifundishwa jambo moja tu juu yake, kwamba ni tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Na kwa kuwa Namba haigawanyiki, hakuna cha mji kinachogawanyika. Ghala ni moja, ufunguo ni mmoja, mwenye kuushika ni mmoja, na huyo mmoja siku zote ni Mzee wa Ukuta. Ukiuliza kwa nini mpunga hautoki, unaonyeshwa ukuta. Ukiuliza tena, unaonyeshwa lango.

"Eleza umejuaje," alisema karani Vuai, ambaye kalamu yake ilikuwa haijapumzika tangu asubuhi.

"Nilichukua mbili," Raya alisema. "Nikazidisha kwa mbili, na tena kwa mbili, mpaka mbili zenyewe zikawa nyingi kama Namba kasoro moja. Kuna njia ya mkato, la sivyo ningekuwa bado naandika. Kila hesabu ilipozidi Namba, niliitoa Namba nikaendelea na kilichobaki. Namba ingekuwa tasa, mwisho ingebaki moja. Haikubaki moja. Daftari mia mbili, Mzee, na nimerudia mara mbili."

"Kwa hiyo umeivunja."

"Sijaivunja. Nimejua si nzima. Ni vitu viwili tofauti."

"Mtu akisema kuna mwizi humu ndani, tunamwambia amtaje."

"Na asipomjua, Mzee, vitu vitakuwa havijaibiwa?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kidawa hakucheka. Alikuwa ameona ubao wa hukumu ukiletwa, umepakwa chokaa mbichi, ukaegemezwa ukutani juani. Sheria ilikuwa fupi: mwenye kusema Namba inavunjika alete kipande, yaani nambari inayoigawa bila kubaki kitu. Asipokileta, chokaa ikikauka yote, atatolewa nje ya Namba. Na aliyetolewa nje ya Namba haliliwi, kwa sababu hakumbukwi. Hata na aliyemzaa. Hasa na aliyemzaa. Kidawa alikuwa na jirani ambaye kila jioni aliandaa sahani tatu, wakati nyumbani walikuwa wawili, akabaki anaitazama ile ya tatu kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kidawa alikuwa amemshauri aiuze.

Sasa aliitazama chokaa ikianza kupauka kingoni.

"Kipande nitaleta mimi," alisema.

Vichwa vikageuka. "Nani huyo?"

"Kidawa, mama yake. Mpishi wa shule."

"Bi Kidawa," Mzee Faki alisema kwa upole wa mtu anayemzuia mgeni asikae kwenye kiti kibovu, "hesabu umesoma lini?"

"Napakulia watoto mia tatu kila mchana, na chakula hakijawahi kubaki wala kupungua. Nyie mmesoma, na mpunga unaoza ghalani. Niambie nambari gani hamjajaribu."

Mzee Faki alimtazama Vuai. Vuai akafunua kitabu. "Mbili na tano haziingii, inaonekana kwenye tarakimu ya mwisho. Tatu walijaribu mababu, ikabaki moja. Saba ikabaki nne."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja hawakujaribu."

"Kwa nini?"

"Haikuhitajika," alisema Vuai, na ilionekana hata yeye jibu lile lilikuwa limemshangaza.

Wakampa kikapu cha kuhesabia, kikapu cha ukindu chenye mkanda wa bega, pamoja na mfuko wa kunde kavu. Raya aliruhusiwa kumwelekeza kwa mdomo, kwani mshitakiwa hagusi kikapu.

"Nyumba ya kwanza unatia kunde kwa idadi ya tarakimu yake," Raya alisema. "Ya pili unatoa. Ya tatu unatia. Ya nne unatoa. Kikapu kikifika kumi na moja au kuzidi, mwaga kumi na moja. Kikikosa cha kutoa, ongeza kumi na moja kwanza. Kumi na moja haidhuru, iwepo isiwepo. Ukimaliza mji kikiwa kitupu, kipande ni kumi na moja."

"Basi?"

"Basi."

"Umekaa miaka mitatu na daftari mia mbili, na kumbe kuna jambo la kikapu?"

"Hilo la kikapu ni la kumi na moja tu, mama. Kisipokuwa kitupu, bado inavunjika. Ila si hapo."

"Usiniongezee maneno," Kidawa alisema, akatoka.

*

Tia saba. Toa mbili. Tia tisa. Mwaga kumi na moja, zimebaki tatu. Toa tatu. Tia sifuri, yaani usitie kitu, lakini simama, maana na sifuri ina mlango na ina watu wanaokuchungulia dirishani kuona kama utawaruka.

Mwanzoni alitembea kama aendaye sokoni, kwa hatua za mtu mwenye sufuria jikoni. Watu walitoka nje wakamtazama bila kumsalimu, kwa sababu anayehesabu hakatizwi, hata kwa salamu. Nyumba ya kutia ilifuatwa na nyumba ya kutoa, na kwa muda mrefu hilo halikuwa na maana yoyote zaidi ya kunde. Halafu, mahali fulani baada ya nyumba ya mia sita, Kidawa alianza kuona kwamba kwenye nyumba za kutoa kulikuwa kunamtoka kitu zaidi ya kunde. Alitoa tano akagundua hajui Raya alikuwa na umri gani alipoota jino la kwanza. Akatia nane, akakumbuka mtoto aliyefukuzwa na bata mzinga akapanda juu ya tangi. Lakini Raya hakuwahi kufukuzwa na bata mzinga. Au aliwahi? Akatoa moja. Likaenda jina la mkunga. Akatia sita, na kumbukumbu ikaja ya harusi ambayo hakuhudhuria. Hakujua kama ni chokaa inayokauka kule barazani au ni hesabu yenyewe ndiyo inayomfanya hivi, na hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana wote walikuwa wamefunga midomo kwa heshima.

Maana ya kitu kuwa kizima ni nini? Yeye alikuwa na nyumba nzima. Paa halivuji, milango inafungika, mume alikufa kwa adabu na akazikwa vizuri. Na bado alijua, tangu zamani, kwamba mahali fulani katika nyumba ile palikuwa pamevunjika. Si ugomvi. Hapakuwa na siku ambayo angeweza kuinyooshea kidole. Ungemwuliza wapi, angesema sijui, akaendelea kuchambua mchele. Lakini ulikuwa ukikaa mezani ukagawa maneno ya siku nzima kwa watu waliokuwepo, daima kilibaki kitu kisicho cha mtu. Alimcheka binti yake kwa kujua bila kujua wapi. Kumbe hilo jambo lilikuwa la nyumbani kwao. Kumbe mtoto alilitoa jikoni.

Toa nne. Tia tano.

Mimi nani? Mpishi. Mama wa nani? Subiri. Tia mbili kwanza.

Jua lilikuwa palepale. Miguu ilisema miezi imepita, nyayo za makubazi zikaisha, mtu asiyeonekana akamwekea mengine njiani. Mahali pengine mvua ilikuwa imenyesha, hatua tatu mbele kulikuwa na vumbi la kiangazi. Wanawake waliokuwa wajawazito alipowakaribia walikuwa na watoto wa kutembea alipowapita. Hakushangaa sana. Mtu anayehesabu hana nafasi ya kushangaa, na pengine ndiyo maana watu huhesabu.

Alipofika nyumba ya elfu saba na kitu, tarakimu ilikuwa donge. Chokaa imepakwa juu ya chokaa, vizazi kwa vizazi, mpaka jiwe limevimba. Ilikuwa nyumba ya kutia. Mlangoni walikaa mume na mke, Bwana Hatibu na Bi Mize, yeye Hatibu na burashi bado mkononi.

Kidawa alisimama. Alingoja. Wakamtazama. Hatimaye akasema yeye, kwani anayehesabu hakatizwi lakini hakukatazwa kujikatiza.

"Hii ni ngapi?"

"Nane," alisema Hatibu.

"Tatu," alisema Bi Mize papo hapo.

"Mize, nimezaliwa nyumba hii!"

"Umezaliwa, lakini kupaka unapaka kama mtu anayesiliba choo. Ilikuwa tatu. Marehemu mama yako aliniambia siku ya kwanza, hii ni tatu, usimruhusu mwanangu aijaze."

"Mama alikuwa haoni!"

"Ndiyo maana alijua. Alikuwa anaishika."

Hatibu akamgeukia Kidawa, sauti ikashuka ikawa ya kumfaa mtu. "Shangazi, wewe unataka ipi? Sema tu. Burashi ninayo, chokaa ninayo. Sisi hatuna neno."

Kidawa alitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Nyumba elfu tisa, na mji mzima umesimama juu ya kitu ambacho mtu mwenye burashi anaweza kukuuliza unataka ipi. Aliweka mkono juu ya donge. Akapitisha kidole, akachimba kwa ukucha pembeni, chokaa ikadondoka kama maganda ya yai. Alilifuata jiwe chini ya chokaa. Upande wa kushoto ulikuwa wazi. Haukufunga juu, haukufunga chini.

"Tatu," alisema, akatia kunde tatu, na Bi Mize akampiga mumewe begani kwa kanga.

*

Aliporudi barazani watu walikuwa walewale, wamekaa vilevile, na Vuai alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kuandika sentensi aliyokuwa ameianza wakati Kidawa anatoka. Chokaa ilikuwa imekauka yote, isipokuwa kipande cha katikati kama kiganja cha mtoto. Lakini mshitakiwa alikuwa na mvi. Alikuwa amekaa mkekani pale pale, mwanamke mzima mwenye mikunjo machoni, na Kidawa kwa kitambo alidhani amemwona mama yake mwenyewe. Akataka kumwamkia. Halafu yule mwanamke akakunja uso kwa namna ambayo hakuna mwingine duniani anayeikunja, na Kidawa akajua ni wake, ingawa jina lilichelewa kuja.

"Ngapi?" Mzee Faki aliuliza.

Kidawa alitazama kikapuni, ingawa alijua. "Sita."

"Basi haigawanyiki."

"Ngojeni!" Bwana Hatibu alikuwa ameingia anahema, burashi mkononi, chokaa hadi viwikoni. "Ni nane! Ya kwetu ni nane, naapa. Huyu alihesabu tatu. Ongezeni tano."

Baraza zima lilihesabu kwa vidole. Sita na tano. Kumi na moja. Mwaga. Kikapu kitupu. Kelele zikapanda mpaka njiwa wakaruka paani. Vuai alisimamisha kalamu hewani, akamtazama Kidawa. "Bi Kidawa, ni nane au tatu? Neno ni lako. Wewe ndiye uliyepita."

Angesema nane. Alikuwa ameshafungua mdomo. Hakuwahi kuona haja ya kusema ukweli kwa watu wanaouficha mpunga.

"Usiseme nane, mama," alisema Raya.

"Nyamaza."

"Ni tatu. Nimeishika mwenyewe, nimezishika zote. Nilichokisema ni juu ya hii iliyo kwenye jiwe."

"Mimi nimekuja kukuchukua wewe. Sikuja kuchukua namba." Sauti ya Kidawa ilipasuka. "Unajua nimesahau nini huko? Nimesahau siku uliyozaliwa ilikuwa mvua au jua! Utakuwa nje ya lango, nami nitakuwa nyumbani najishangaa kwa nini ninapika kingi. Nane, tatu, inakuhusu nini?"

"Ikivunjwa kwa burashi, itaungwa kwa burashi." Raya hakupandisha sauti. "Kesho Mzee Faki atamtuma mtu na ndoo, itakuwa tatu tena, na safari hiyo watatolewa wote waliopewa mpunga leo. Nakwambia kwa sababu wewe ni mtu wa kazi, mama. Kazi hii haitadumu."

Macho ya Mzee Faki yalikuwa yamekwenda kwenye burashi ya Hatibu, na Kidawa aliyaona yakienda. Aliwahi kuwaona wapishi wasaidizi wakiitazama sukari hivyo.

"Tatu," alisema. Hakuwahi kusema neno zito kama lile. "Ni tatu. Zimebaki sita."

Hatibu alikaa chini kama gunia. Kipande cha chokaa mbichi kilikuwa sasa kama kucha.

"Imekwisha," alisema Mzee Faki. "Weka kikapu chini."

Bega lilikuwa linawaka moto. Mkanda ulikuwa umechimba nyama. Kidawa aliinama kukitua, na katika kuinama kule akamwona Vuai akiinama naye, shingo ameinyoosha, anaitazama sakafu kama mtu anayesubiri tone lidondoke.

Akasimama. "Wewe unatazama nini?"

"Kikapu," Vuai alisema. "Kikigusa chini, hesabu imefungwa, naandika hukumu."

"Na kisipogusa?"

Vuai alifunua kitabu. Akafunua tena, akarudi nyuma, akalamba kidole. "Hilo halijawahi kutokea."

"Sijakuuliza kama limetokea."

"Kisipogusa..." Alisoma kimya, midomo ikicheza, akainua uso na hakumtazama Mzee Faki. "Kisipogusa, bado unahesabu. Na anayehesabu hakatizwi."

Kidawa aliurekebisha mkanda begani, akauhamishia upande wa pili. Kunde sita akazimwaga mfukoni.

"Kumi na tatu," alisema.

Ubao wa hukumu ulitoa jasho. Lilianza katikati likaenea pembeni, mpaka chokaa yote ikawa mbichi inang'aa, na matone yakachuruzika sakafuni. Mzee Faki alisimama. Kwa mara ya kwanza alionekana mfupi.

"Ukimaliza kumi na tatu?"

"Kumi na saba."

"Na ikishindikana?"

"Kumi na tisa. Mzee Faki, si nyie mliotuambia namba hii ni kubwa? Mimi nimewaamini."

"Utakufa unatembea, mwanamke."

"Kwani wewe utakufa umekaa, ndiyo utakuwa umefanya nini?"

Bi Mize, aliyekuwa amemfuata mumewe, akapiga kigelegele kifupi, akanyamaza kwa kuogopa kukatiza hesabu. Kidawa alikuwa tayari mlangoni Raya alipomwita.

"Mama. Kumi na tatu haiendi vile. Kila nyumba, vilivyomo kikapuni unavifanya mara kumi, halafu unatia tarakimu, halafu unatoa kumi na tatu kumi na tatu mpaka zisitoke tena."

"Mara kumi! Kunde zote hizo nitazitoa wapi?"

"Tunazo!" sauti ilisema kutoka nyuma, na nyingine, na nyingine.

"Sijaelewa," Kidawa alisema. "Njoo unionyeshe njiani."

"Mshitakiwa hagusi kikapu," alisema Vuai haraka.

"Nani kasema aguse? Atembee. Au na kutembea kumeandikwa?"

Vuai alikifunga kitabu bila kukitazama tena.

Raya aliinuka mkekani taratibu, goti moja kwanza, kama watu wazima wainukavyo. Wakatoka pamoja juani. Nyumba ya kwanza. Kikapu kitupu mara kumi ni kikapu kitupu, kwa hiyo Kidawa akatia saba tu, akageuka kumtazama yule mwanamke mwenye mvi aliyesimama kando yake. Hakuwa na hakika kama yeye ndiye aliyemzaa huyu au huyu ndiye aliyemzaa yeye. Njia ilikuwa ndefu, na watu wengi walikuwa wanaanza kutoka majumbani.

"Shika upindo wa kanga yangu," alimwambia, "usipotee."